MTANDAO UNASUMBUA, AU KAZI IMERUNDIKWA MAHALI PAMOJA?

Yapo maneno mawili ambayo mkazi wa Majengo, mjini Songea, ameyasikia madirishani mwa ofisi mara nyingi hata ameyazoea kama salamu: "Mtandao unasumbua." Mwalimu anayetaka kujaza fomu ya utendaji wake wa kazi huambiwa hivyo. Muuguzi anayeomba likizo huambiwa hivyo. Mfanyabiashara mdogo aliyekuja kuchukua namba ya malipo ili alipie leseni huambiwa hivyo, naye hugeuka akarudi dukani kwake, kesho yake akaja tena. Maneno hayo hayana sahihi wala muhuri, hata hivyo hufunga ofisi kwa nguvu kuliko waraka wowote uliopata kutolewa.

Mwalimu wa Majengo, kwa kuwa hana la kufanya, amejifunza hila yake. Hulala mapema, huamka saa nane za usiku, huijaza fomu yake kwa dakika kumi, kisha hurudi kulala. Asubuhi huwasimulia wenzake kwamba usiku mfumo unakuwa mwepesi. Wenzake huitikia kwa kichwa, na usiku unaofuata nao huamka. Ni wachache mno wanaouliza swali ambalo hapana budi liulizwe: je, usiku ule kimebadilika nini?

Waya ni ule ule. Umbali kutoka Songea hadi Dar es Salaam au Dodoma haukupungua hata hatua moja. Mashine ni zile zile. Kilichobadilika ni kimoja tu: watu wamelala. Basi ikiwa dawa ya ugonjwa ni watu kulala, ugonjwa wenyewe haukuwa waya. Ugonjwa ni kwamba kazi ya watu wote imerundikwa mahali pamoja kwa saa zile zile, na wale waliokabidhiwa dhamana ya kuigawa hawakuigawa.

KISINGIZIO CHA UMBALI

Wapo watakaosema kwamba hayo ni maneno ya lawama tu, kwa sababu Songea iko mbali, na mambo ya mbali huchelewa. Hoja hiyo ilikuwa na uzito zamani, barua ilipokuwa ikisafiri kwa basi. Leo haina uzito. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009, na tangu ulipofika Songea mji huo haukutengwa tena. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri kilometa zipatazo 200,000 kwa sekunde moja. Uzi wa kilometa 1,000, ambao ndio makadirio ya njia ya kutoka Songea hadi pwani, mwanga huumaliza kwa sehemu moja ya 200 ya sekunde. Kwenda na kurudi ni sehemu moja ya 100. Mwalimu anayekaa dakika mbili akitazama duara linalozunguka kwenye kioo cha simu yake hasubiri umbali. Umbali ulikwisha kabla hajapepesa jicho.

Ni kweli kwamba waya nao hupata maradhi yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zipitazo chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, ziliharibika, na Tanzania nzima ikaonja adha yake. Siku kama hiyo, mtu akisema mtandao unasumbua, amesema kweli. Lakini siku za namna hiyo ni za kuhesabika, nazo hutangazwa redioni. Tena hapana budi izingatiwe kwamba kanzidata iliyohifadhiwa humu humu nchini haihitaji kuvuka bahari ili kumjibu mtu wa Majengo.

Kipo kipimo ambacho hata mtu asiye fundi aweza kukitumia. Saa ile ile fomu inapogoma kufunguka, kijana aliyeketi jirani anatazama mpira kwenye simu yake bila picha kukatika. Mnara ni mmoja, hewa ni moja, mtaa ni mmoja. Mpira unapita, fomu haipiti. Aliye na macho na aone mahali ulipo mkwamo.

FOLENI ISIYOONEKANA

Kanzidata ni daftari kubwa la serikali: majina ya watumishi, mishahara, likizo, leseni, malipo. Seva ni karani anayelishika daftari hilo. Kila anayebonyeza kitufe amesimama mbele ya karani huyo, ingawa hamwoni, na hawaoni wenziwe waliosimama mbele yake. Tofauti ya foleni hii na ile ya hospitali ni hiyo tu. Foleni ya hospitali humwaibisha mganga mkuu kwa sababu inaonekana. Foleni ya seva haimwaibishi mtu kwa sababu kila mmoja husimama ndani yake akiwa nyumbani kwake, akidhani yuko peke yake.

Tabia ya foleni si siri mpya. Agner Krarup Erlang, mwanahesabu wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha hesabu zake za kwanza juu ya jambo hilo mwaka 1909. Wanahesabu waliomfuata wakaonyesha jambo ambalo wakubwa wengi hawajalitia maanani hadi leo. Ikiwa maombi yanakuja ovyo ovyo bila mpangilio, karani aliyeshughulika nusu ya wakati wake humchelewesha mtu mara mbili ya muda wa kazi yenyewe. Akishughulika asilimia 80, humchelewesha mara tano. Akifikia asilimia 90, mara 10. Akifikia asilimia 95, mara 20. Maana yake ni kwamba kutoka 90 hadi 95, nyongeza inayoonekana ndogo kwenye taarifa ya fundi, mwananchi hukaa muda maradufu. Mkuu wa kitengo husoma asilimia 95 akajisifu kwamba mashine ya umma inatumika barabara, haikai bure. Kumbe kwa mwananchi hiyo ni habari ya msiba.

Sasa yatazamwe makarani wawili wenye uwezo sawa. Mmoja amelemewa kwa asilimia 95, mwenziwe anashughulika kwa asilimia 15, anapiga miayo. Kazi yote ikichanganywa ni 110. Ikigawanywa sawasawa, kila mmoja hubeba 55. Mtu aliyekuwa akisubiri mara 20 sasa atasubiri mara mbili na kidogo tu. Haikununuliwa mashine hata moja, wala haikutumika shilingi ya kigeni. Kilichofanyika ni kugawa mzigo. Huo ndio moyo wa suala lote, na yeyote anayekimbilia bajeti kabla ya kulitazama hilo anakimbia kazi yake.

MASHINE KUBWA SI JIBU

Maana ipo kasumba inayosema kwamba kila mfumo ukichelewa, dawa ni kununua seva kubwa zaidi. Kasumba hiyo inapendeza kwa sababu ina zabuni ndani yake, ina sherehe ya kukata utepe, na ina picha ya mkubwa akiwa amesimama kando ya kabati linalometameta. Lakini mpagazi aliyelemewa hatibiwi kwa kutafutiwa mpagazi mwingine mwenye kifua kipana, huku wenzake tisa wakiwa wamekaa kivulini. Mashine kubwa ikiwa moja bado ni moja: ina mlango mmoja, na siku itakapougua nchi nzima itaugua pamoja nayo.

Fedha peke yake haikupata kuokoa mtu katika jambo hili. Tarehe 1 Oktoba 2013 Marekani, nchi isiyo na njaa ya mashine, ilifungua mfumo wa kuandikisha watu bima ya afya uliogharimu mamia ya mamilioni ya dola. Siku ya kwanza mamilioni ya watu walibisha hodi. Waliofanikiwa kuandikishwa siku hiyo walikuwa 6. Mfumo haukuwa umejaribiwa kwa mzigo wa kweli kabla ya kufunguliwa. Ikiwa tajiri aliangushwa na uzembe huo, maskini ana sababu zaidi ya kuuogopa.

Na lipo kosa la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza kwa kuwa linajificha. Nalo ni kununua seva nyingi, kuziita kundi, kisha kuipeleka kazi yote kwa moja. Katika makundi mengi seva moja huandika na kusoma kila kitu. Nyingine zinashika nakala ya daftari, zikingojea mwenzao afe zirithi. Hizo ndizo seva zilizokaa kama wageni wa heshima kwenye arusi: zimelishwa umeme, zimepozwa kwa viyoyozi, zimeandikwa katika mali za serikali, na hazifui wala haziteki maji.

Mji wa Songea unaielewa habari ya kugawana mzigo pasipo kuhitaji mhadhiri. Hadi mwaka 2018 mji huo uliangazwa kwa jenereta za dizeli. Jenereta ikizidiwa, hapakuwa na jirani wa kuisaidia, taa zilizimika. Mwaka huo njia ya umeme ya kilovolti 220, yenye urefu wa kilometa zipatazo 250 kutoka Makambako, iliiunganisha Songea na Gridi ya Taifa. Tangu hapo balbu ya Majengo haitegemei injini moja. Vituo vingi vinabeba kwa pamoja, na kimoja kikipumzishwa vingine huongeza bidii. Taifa liliuona ukweli huo katika umeme. Kwa nini lishindwe kuuona katika daftari lake?

WASOMAJI NA WAANDISHI

Ugawaji wa kazi kati ya seva si uganga. Hatua ya kwanza ni kutenganisha wanaosoma na wanaoandika. Watumishi wanaofungua mfumo mwisho wa mwezi ili waangalie hati za mishahara yao hawaandiki chochote, wanasoma tu. Wazazi na wanafunzi wanaotafuta matokeo ya mitihani siku yanapotangazwa hawaandiki chochote. Matokeo hayo yakishatoka hayabadiliki kila dakika. Yaweza kunakiliwa kwenye seva 10 au 20, na kila anayebisha hodi akapelekwa kwenye ile yenye nafasi. Kumpeleka msomaji kwa karani mwandishi ni sawa na kumlazimisha kila anayetaka kusoma tangazo ubaoni aingie ofisini kwa mwalimu mkuu.

Hatua ya pili ni namna ya kuchagua. Mwenye kugawa kazi asigawe kwa zamu ya upofu, huyu wa kwanza, huyu wa pili, huku mmoja ana maombi mepesi na mwingine ana taarifa ya mwaka mzima. Wataalamu wameonyesha kwamba hata kuchungulia seva mbili tu zilizookotwa kwa bahati nasibu, na kumpeleka mtu kwenye ile yenye watu wachache, hupunguza mrundikano kupita kiasi anachoweza kukidhania mtu. Mama anayenunua mahindi sokoni hufanya hivyo kila siku: hutazama mistari miwili, hujiunga na mfupi. Mashine iliyogharimu mamilioni isishindwe na akili ya sokoni.

Hatua ya tatu inadai uangalifu, na hapa yafaa isemwe kweli, maana wapo pia washabiki wanaodhani kugawa ni kutawanya tu. Nakala huchelewa kidogo nyuma ya daftari lenyewe. Mwalimu akiwasilisha fomu yake, kisha akapelekwa kwenye nakala ambayo haijapata habari, ataambiwa hajawasilisha kitu. Atawasilisha tena. Ikiwa ni fomu, ni usumbufu. Ikiwa ni malipo, ni fedha ya mtu. Kwa hiyo aliyetoka kuandika sasa hivi lazima asomewe kutoka kwenye daftari lenyewe mpaka nakala zifikie mahali alipo.

Wala daftari moja lisipewe waandishi wawili wasiosikilizana. Tarehe 21 Oktoba 2018 kampuni ya GitHub ya Marekani, inayotunza kazi za mafundi wa programu duniani kote, ilipoteza mawasiliano kati ya vituo vyake kwa sekunde 43. Katika sekunde hizo kituo kimoja kilikuwa kimekwisha kuandika mambo ambayo kingine hakuyajua, na kingine kikashika uandishi. Kuyapatanisha madaftari hayo mawili, na kurudisha huduma katika hali yake, kulichukua saa 24 na dakika 11. Sekunde 43 za mafarakano, siku nzima ya kusuluhisha! Hiyo si sababu ya kurudi kwenye mashine moja. Ni sababu ya kugawa kwa sheria: kila sehemu ya daftari na mwandishi wake mmoja anayejulikana, na wasomaji wengi kadiri inavyowezekana.

SAWA SI HAKI

Hapo ndipo huzuka wazo la kuligawa daftari lenyewe, kila mkoa na seva yake. Ni wazo zuri likifanywa kwa mizani, na ni wazo bovu likifanywa kwa kalamu na rula. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 mkoani Dar es Salaam, na zaidi ya milioni 1.8 mkoani Ruvuma. Atakayewapa seva moja moja kwa jina la usawa atakuwa amelipika lile lile tatizo katika chungu kipya: mmoja amelemewa, mwingine anasinzia. Usawa wa idadi ya mashine si usawa wa mzigo.

Walimu wanalielewa hilo kuliko mtu yeyote. Kiwango kilichowekwa kwa shule za msingi ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45. Wilaya yaweza kuwa na walimu wa kutosha kwa hesabu ya jumla, na bado shule ya mjini ikawa na walimu wanaogombea vipindi, huku shule ya pembezoni ina mwalimu mmoja mbele ya watoto mia. Wastani wa wilaya hupendeza katika taarifa. Watoto mia hawasomeshwi na wastani. Vivyo hivyo mkuu wa mitambo anayetangaza kwamba kwa wastani seva zake zimeshughulika asilimia 50 tu hajasema kitu, mpaka aseme ile iliyolemewa kuliko zote imelemewa kiasi gani, na kwa saa zipi.

NAKALA ISIYO NA MADARAKA

Upo pia mgawanyo wa jina tu, na historia ya nchi ina funzo lake. Mwaka 1972 ilianzishwa siasa ya Madaraka Mikoani. Nia ilikuwa njema: kazi isirundikwe Dar es Salaam, bali ifanywe karibu na wananchi. Maofisa walipelekwa mikoani kweli. Lakini halmashauri zilizokuwa zikichaguliwa na wananchi zilivunjwa, na maamuzi mengi yakaendelea kungoja makao makuu. Mikoa ilipewa watu bila kupewa neno la mwisho. Mwaka 1982 zilitungwa sheria za kuzirudisha serikali za mitaa, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi tena. Funzo ni kwamba kukisogeza kiti si kuusogeza uamuzi. Seva iliyowekwa mkoani lakini inayouliza makao makuu kwa kila herufi haimpunguzii mtu foleni. Humwongezea kituo kimoja cha kusubiri.

Kusogeza kazi kwa kweli kunawezekana. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya mwaka 2007, lakini hadi mwaka 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani. Mama wa Kisumu alipomtumia mwanawe fedha aliyeko Nairobi, habari ilivuka bara na bahari kabla haijarudi. Mwaka 2015 seva hizo zilihamishiwa Kenya. Hata mashine za mamilioni ya wateja zikahama, na watu wakaendelea kununua sukari. Asije basi mtu akasema kwamba kuhamisha au kugawa ni ndoto.

Na kwa wanaohofia usalama wa daftari likiwa na nakala katika miji mbalimbali, jibu liko kwenye maghala. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hauyaweki mahindi yote ya nchi katika ghala moja. Una maghala Songea, Makambako, Sumbawanga, Dodoma, Shinyanga na kwingineko. Ghala moja likipata msiba, taifa halilali njaa. Taarifa za watumishi na za malipo ni chakula cha serikali, nazo zastahili hekima ile ile.

MZIGO WA TAREHE MOJA

Lakini itakuwa si haki kuwatwika mafundi peke yao lawama yote. Mrundikano mwingi hauanzii kwenye seva. Huanzia kwenye waraka. Ofisa mmoja huandika kwamba watumishi wote nchini wakamilishe jambo fulani kabla ya saa sita usiku ya tarehe 30, na atakayechelewa atachukuliwa hatua. Akishatia sahihi, amewaita watu wote mlangoni siku moja.

Chukulia watumishi 300,000 wenye siku 30 za kujaza fomu. Wakija sawasawa, saa 10 kwa siku, ni watu 1,000 kwa saa. Ikiwa nusu yao watakuja katika saa sita za mwisho, ni watu 25,000 kwa saa, mara 25 ya mzigo wa kawaida. Hapana seva inayonunuliwa kwa ajili ya saa sita za mwezi. Lakini waraka uliosema mikoa hii imalize tarehe 10, hii tarehe 20, na hii tarehe 30, haugharimu kitu isipokuwa fikra za aliyeuandika. Kugawa mzigo kati ya seva na kugawa mzigo kati ya siku ni kazi moja yenye majina mawili.

Na watumishi nao wajikosoe. Yupo anayepewa siku 30 akazitumia 29 kulalamika, kisha siku ya mwisho akasimama kwenye foleni aliyosaidia kuitengeneza. Kosa lake ni dogo likilinganishwa na la mwenye waraka, lakini ni kosa.

Mambo haya si ya mashine tu. Tangu mwaka 2017 malipo ya serikali yalipoanza kupitia mfumo wa GePG, na tangu mwaka 2023 tathmini ya utendaji wa watumishi ilipoanza kufanywa katika mfumo wa PEPMIS, sehemu kubwa ya uhusiano wa raia na serikali yake hupita ndani ya seva. Mwalimu ambaye fomu yake haikupokelewa aweza kukosa kupanda daraja. Muuguzi aweza kukosa likizo ya kwenda kumzika mzazi. Mwenye duka aweza kutozwa faini ya kuchelewa kwa siku alizokuwa akifika dirishani kila asubuhi. Hao hawakuadhibiwa na sheria yoyote. Wameadhibiwa na foleni, na foleni haina mahali pa kukatia rufaa.

YANAYOPASWA KUFANYWA

Kwa hiyo madai ni machache na yako wazi. Kwanza, kila mwenye mfumo wa umma apime muda anaosubiri mtu wa Songea, si muda unaoonekana kwenye chumba cha mitambo, naye autangaze kila mwezi, akitaja saa mbaya kuliko zote badala ya wastani. Pili, seva za nakala zianze kufanya kazi. Wasomaji wapelekwe huko, na mwandishi aachiwe kuandika. Tatu, mfumo wowote usifunguliwe kabla ya kujaribiwa kwa mzigo wa siku ya mwisho, na seva moja izimwe makusudi mchana kweupe ili ionekane kama wenzake wanaweza kuubeba mzigo wake. Nne, nyaraka za tarehe moja kwa nchi nzima zikome. Tano, asiadhibiwe mtu kwa kuchelewa ikiwa kumbukumbu za mfumo wenyewe zinaonyesha kwamba alibisha hodi akakosa kufunguliwa.

Hakuna hata dai moja kati ya hayo linalongoja mkopo wa nje au mtaalamu wa kigeni. Mamlaka ya Serikali Mtandao ipo kwa sheria ya mwaka 2019. Kituo cha taifa cha kuhifadhi data kipo Kijitonyama. Vijana waliosomea kazi hii vyuoni mwa nchi wapo. Linalokosekana ni mtu mwenye dhamana kukubali kwamba mfumo wake umelemewa kwa sababu hakuugawia mzigo, na kuacha kuusingizia waya usioweza kujitetea.

Siku mwalimu wa Majengo atakapoijaza fomu yake saa nne asubuhi, katika muda wa mapumziko, chai yake ikiwa bado ina moto, ndipo itakapojulikana kwamba kazi imegawanywa. Hadi siku hiyo, kila anayesema mtandao unasumbua aulizwe swali moja, tena aulizwe kwa sauti: mbona usiku hausumbui?